Kahawa, Mkato, Ndizi

Nimemjua Mwalimu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa nimemkasirikia. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani naandika sifa za marehemu. Yu hai, yuko nyumbani kwake Akheri, anakunywa chai yake ya tangawizi isiyo na sukari, na hadi naandika maneno haya bado amenikera. Hasira yangu ya sasa inahusu mibuni yake, na nitaifikia. Alizaliwa lini na ni wa ukoo gani, hayo wapo wanaoyajua kuliko mimi. Mimi namjua kama msomaji wa mafaili, na sijawahi kuona mwingine wa namna yake.

Alikuwa mkufunzi wa takwimu kwenye chuo kimoja cha kilimo pale Tengeru. Sisi tulikwenda chuoni tukitarajia kushika miche na sindano za mifugo, tukakuta kila wiki tunafungiwa kwenye chumba cha kompyuta na mzee mwenye sweta ya kijivu. Kazi yake ilikuwa kutufundisha kuchukua taarifa zilizokusanywa mashambani, kuziingiza kwenye programu ya takwimu na kupata majibu. Tuliokuwa na ndugu kwenye vyuo vingine tuliambiwa kwamba wenzetu wanafika kwenye majibu mapema sana, wanachora na michoro ya rangi. Sisi muhula ulikuwa unakaribia katikati na bado tulikuwa tunasoma faili. Tena kwa sauti.

Faili lenyewe lilikuwa la CSV. Kwa asiyelijua, ni maandishi matupu, hayana rangi wala vijisanduku. Mstari mmoja ni mkulima mmoja, au ng'ombe mmoja, na kila taarifa hutengwa na inayofuata kwa mkato. Mstari wa juu kabisa una vichwa vinavyosema taarifa ya kwanza ni nini, ya pili ni nini. Basi. Programu ikilipokea faili hilo, kila inapokutana na mkato inaruka kwenda safu inayofuata. Haijui kingine chochote.

Mwalimu alikataza programu isifunguliwe kabla faili halijasomwa na binadamu. Mmoja wetu alisimama mbele akasoma vichwa, mwingine akasimama nyuma akasoma mstari, na kila mkato ulitamkwa. "Sifuri moja nne, mkato, Tengeru, mkato, jike, mkato, lita nane." Wengine tulifuata kwa kidole. Ukiruka mkato mmoja, unarudi mwanzo wa mstari. Ukipiga miayo, unaitwa mbele. Darasa la jirani walikuwa wakija dirishani kutusikiliza, na jioni kwenye foleni ya chakula walitusalimia, "Habari mkato za leo mkato?" Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mwalimu, tunachelewa," mtu alimwambia siku moja. "Wenzetu wameshamaliza."

"Wamemaliza nini?" akauliza.

Hakusubiri jibu. Akasema mstari unaofuata usomwe.

Kulikuwa na kijana darasani kwetu ambaye nitamwita Meneja, kwa sababu ndicho alichokuja kuwa, na kwa sababu baadaye alikuja kuwa bosi wangu. Alikuwa na akili ya wembe na hakuwa na subira hata chembe. Siku moja tulipewa faili la uzito wa ndama lililotoka ng'ambo, nchi ambayo watu wake huandika nusu kwa mkato, pale ambapo sisi tunaweka nukta. Kwa sababu hiyo, taarifa zao walizitenganisha kwa nuktamkato. Programu ilipogoma kulisoma, Meneja, akiwa amejificha nyuma ya kompyuta yake, akabadilisha nuktamkato zote kuwa mikato. Programu ikakubali mara moja. Wakati sisi tunasoma mstari wa tatu kwa sauti, yeye akanyoosha mkono akasema amepata majibu.

Mwalimu akaenda kusimama nyuma yake. Akatazama kioo kwa muda.

"Ndama wako wana umri gani?"

Meneja akasoma safu ya umri. Wa kwanza miezi mitano. Wa pili sifuri. Wa tatu mitano, wa nne mitano, wa tano sifuri. Yule ndama wa kilo thelathini na nusu alikuwa amepasuliwa: thelathini imebaki kwenye uzito, nusu yake, ile tano ya baada ya mkato, imehamia kwenye umri.

"Programu imekubali, Mwalimu," Meneja akasema.

"Kompyuta haikatai, ndiyo ubaya wake," Mwalimu akasema. "Punda ukimzidishia mzigo analala chini, unajua umekosea. Hii inaendelea kutembea."

Maneno hayo tuliyaandika nyuma ya madaftari kwa kumkejeli. Leo nafanya kazi na mafaili kila siku na nayasema kwa vijana wa ofisini bila kucheka.

Alikuwa na swali lake moja ambalo lilitumika popote. "Imeingia mingapi, imetoka mingapi?" Maana yake ni kwamba kabla hujaniambia wastani wala nini, niambie faili lilikuwa na mistari mingapi na programu imesoma mingapi. Kama idadi hazilingani, nenda katafute. Lakini alikuwa haliachi swali hilo darasani. Tulipotoka ziara ya mashambani alisimama mlangoni mwa basi akiuliza. Alipoalikwa harusini kwangu alimsogelea mama mmoja aliyesimamia sahani na kumuuliza lilelile, mama wa watu akaja kwangu kuniuliza kama mzee yule ametoka kwa mwenye ukumbi.

Siku za gulio la Tengeru alikuwa akipita kwenye nyanya. Nyanya kwetu huuzwa kwa fungu, na kila mtu anajua kwamba fungu lina nyanya nzuri za kuonekana na nyingine za kubebwa. Mwalimu aliinua moja moja, akaiangalia chini, akairudisha. Hakuwa na ubishi wa bei. Alitaka kujua tu. Wauzaji walimwita Mkaguzi, na kuna mama aliyekuwa akimwambia kila wiki, "Mwalimu, nyanya zangu hazijasajiliwa mtihani." Alicheka kwelikweli, meno yote nje, kisha akaendelea kuinua.

Usidhani basi kwamba maisha yake yalipangika. Huyu mtu aliyetukataza kuruka mkato hakuwahi kusoma ujumbe wa simu hadi mwisho. Ukimwandikia kwamba kikao ni saa nne, kimehamishiwa ukumbi wa pili, aje na mitihani, yeye atakuja saa nne kwenye ukumbi wa kwanza bila mitihani. Meza yake ilikuwa na karatasi za miaka zikiwa zimelaliana na maganda ya karanga. Matokeo yetu yalichelewa mpaka mkuu wa chuo akamtumia mhudumu, na mhudumu akarudi na chai badala ya matokeo. Kanisani aliimba besi kwenye kwaya, besi nzito ya kupendeza, ila aliingia ubeti wa pili. Ubeti wa kwanza alikuwa bado njiani.

Na alikuwa mkali bila sababu. Rafiki yangu mmoja alisoma namba sifuri sita moja kama "sitini na moja", na Mwalimu akamsimamisha hadi kengele. "Sifuri ya mbele si mapambo," alimwambia. "Ndiyo jina la mtu huyo. Ukiifuta, unamwita mtu mwingine." Ni kweli, programu huwa inazifuta sifuri za mbele ikidhani haina haja nazo, na watu wawili wakageuka mmoja. Lakini ilimbidi msichana yule alie mbele yetu ili tulijue hilo? Kesho yake Mwalimu alimletea magimbi ya kuchemsha kwenye mfuko, akayaweka juu ya meza yake na kwenda zake. Ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi, kama ilikuwa radhi. Rafiki yangu aliyala huku amenuna.

Alistaafu bila sherehe. Nilisikia wanafunzi wa mwisho walimshtaki kwamba anapoteza muda, na kwamba chuo hakikumtetea sana. Akarudi Akheri kwenye shamba lake, mibuni chini, migomba juu, kama yalivyo mashamba ya nyumbani kwetu, mlimani Meru. Nilikuwa napita kumsalimia, mara nyingi nikielekea kwa mama yangu. Kila mara niliondoka na ndizi na hasira kidogo.

Sasa nije kwenye mibuni.

Ofisi ninayofanyia kazi iko mjini Arusha, na Meneja ndiye anayeiongoza. Tulipata mradi wa kugawa miche mipya ya kahawa kwa wakulima wa mlimani, miche inayostahimili chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha tunda likiwa bado bichi. Mibuni ya zamani inakufa nao. Wazee wengi kule juu wanavuna nusu ya walichokuwa wakivuna, na wengine wameshachoka. Miche ilitakiwa ipandwe mvua za masika zikianza. Ukikosa masika haya, unakosa, kwa sababu miche ilikuwa ya kugawiwa msimu mmoja tu.

Ili kujua nani apate, vijana walizunguka na simu wakiwauliza wakulima maswali na kuandika majibu. Namba ya mkulima, kata, zao, idadi ya mibuni. Taarifa zote zikaja kwenye faili moja la CSV. Mtakwimu mpya wa ofisi, kijana msomi na mwepesi, akaliingiza kwenye programu, majibu yakatoka siku hiyohiyo. Ripoti ikaandikwa, ikatumwa kwa wafadhili. Mimi niliisoma ikiwa imeshakwenda. Ilisema kwamba Akheri ya juu karibu haina wakulima wa kahawa, na kwamba miche ielekezwe kwingine.

Mama yangu analima kahawa Akheri ya juu. Jirani zake wote wanalima kahawa Akheri ya juu.

Nilifungua faili lenyewe, maandishi matupu, nikaanza kusoma kwa sauti ya chini. Sikufika mbali. Vijana waliwauliza wakulima, "Unalima zao gani?" Na mkulima wa Meru ukimuuliza hivyo atakujibu nini? Kahawa, ndizi. Kahawa, ndizi, maharage. Hakuna aliyetenganisha kitu pale, tangu babu zetu vyote vinaota pamoja, mgomba unaupa mbuni kivuli. Vijana waliandika kama walivyoambiwa, na mikato yao. Faili lilipotolewa, hakuna aliyekumbuka kuyafungia majibu yale ndani ya alama za nukuu, ili programu ijue kwamba mkato wa ndani ni wa mkulima, si wa faili. Programu ikaona mistari ina safu nyingi kuliko vichwa. Na mtakwimu wetu alikuwa ameiagiza iruke kila mstari wenye hitilafu.

Hitilafu ndiyo ilikuwa mama yangu. Ndiyo ilikuwa Akheri ya juu yote. Waliobaki ni wale wa mashamba makubwa ya chini yenye zao moja, na wachache waliojibu kwa neno moja kwa sababu walikuwa na haraka.

Nilikwenda kwa Meneja nikamwonyesha.

"Dada, ripoti imeshakwenda," akasema. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayajamwagika. Yako hapa kwenye faili. Ni kuweka alama za nukuu na kusoma upya."

"Nikiwarudia wafadhili nikawaambia hatukujua kusoma faili letu wenyewe, watatuonaje?"

"Na wakulima watatuonaje?"

Alinitazama, akashika simu yake, akaanza kuisoma. Nilikuwa na miaka ya kutosha kumjua. Amekuwa akijificha nyuma ya vioo tangu Tengeru.

Ndipo nikapanda Akheri kwa Mwalimu. Nilimwomba jambo dogo, ampigie Meneja simu, kwa sababu ni mtu pekee ambaye Meneja bado anamwogopa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya migomba akichambua kahawa, na tunda moja kati ya matatu alikuwa analitupa kando, jeusi.

"Simu haisomi faili," akasema.

"Mwalimu, nakuomba. Masika yako mlangoni."

"Imeingia mingapi, imetoka mingapi?"

Nilimwambia. Alitupa tunda jingine kando. Akasema atashuka mwenyewe Alhamisi. Nilimwandikia saa na mtaa na ghorofa, nikijua hatasoma. Alhamisi alifika akiwa amechelewa, ametokea jengo lisilo letu, sweta mkononi, jasho linamtoka. Nilikuwa nimeshakata tamaa na nimeshamtukana moyoni.

Meneja aliinuka kwenye kiti chake kama mwanafunzi. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Soma."

"Mwalimu, karibu kwanza ukae, tukuletee chai."

"Nitakaa. Wewe soma. Mimi nitakuwa vichwa."

Nilifungua faili kwenye kompyuta yake, nikamwonyesha mstari. Sikuuchagua kwa bahati. Mtakwimu kijana alikuwa amesimama mlangoni, hajui aingie au atoke.

"Namba?" akauliza Mwalimu.

"Sifuri sita moja," akasema Meneja. Hakuacha sifuri. "Mkato."

"Kata?"

"Akheri. Mkato."

"Zao?"

"Kahawa. Mkato."

"Mibuni mingapi?"

Meneja alisogeza uso karibu na kioo. Nilimwona anausoma mstari tena kwa macho, kisha anarudi mwanzo, kama tulivyofundishwa.

"Ndizi," akasema mwishowe.

"Mkulima huyu ana mibuni ndizi," Mwalimu akasema. "Programu imekubali?"

"Imemruka."

"Ni nani?"

Meneja akafungua orodha ya majina ambayo huwekwa mbali na faili. Akaangalia namba, akainua macho. Sitausahau uso ule. Mkulima sifuri sita moja alikuwa amekaa mbele yake, sweta magotini.

Sitaki kusema alikuwa mtu mbaya, Meneja. Aliwaandikia wafadhili jioni ileile, akakiri, na faili likasomwa upya. Mistari iliyoingia ikawa ndiyo iliyotoka. Akheri ya juu ikarudi kwenye ripoti. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na furaha yangu haikufika wiki.

Wafadhili walijibu kwamba wamefurahi, ila mfumo wao una nafasi moja tu ya zao kwa kila mkulima. Kila aliyetaja mazao zaidi ya moja apigiwe simu, ataje zao kuu. Atakayetaja kahawa anapata miche. Kijana wetu akakaa na simu. Mama yangu alisema kahawa kabla swali halijaisha. Majirani walisema kahawa. Hata mzee mmoja ambaye sote tunajua ana mibuni ya kuhesabika alisema kahawa, kahawa, kahawa, akaomba aandikwe mara ya pili kwa usalama.

Mwalimu akasema, "Kahawa, ndizi."

"Mzee, taja moja tu," kijana akamwambia.

"Hizo ndizo."

Kijana alimpigia tena. Meneja mwenyewe alimpigia, akambembeleza, akarudi ofisini kwangu amejishika kiuno. "Nenda wewe," akaniambia. "Mimi ananijibu kama nipo darasani."

Nilipanda. Nilimkuta shambani, nikamsalimia, na sikungoja chai.

"Mwalimu, ni neno moja tu."

"Najua ni neno moja."

"Sasa?"

"Binti, kahawa ndiyo iliyonisomesha. Ndizi ndizo zilizonilisha nikiwa nasoma. Nani mkuu?"

"Hakuna anayekuuliza historia. Wanataka neno la kujaza nafasi. Wenzako wote wamelitaja."

"Wenzangu wametaja lao. Sikatai. Mimi nimekaa Tengeru maisha yangu yote nawaambia watoto wa watu, usiandike kisichokuwepo ili faili lisomeke. Lisomwe lilivyo. Leo nianze mimi?"

"Mibuni yako inakufa, Mwalimu."

"Naiona."

"Hutavuna kitu!"

Nilipaza sauti, jambo ambalo kwetu hufanyi mbele ya mzee. Hakunikemea. Aliinama akaokota tunda moja jeusi, akalipasua kwa kucha, akanionyesha ndani palivyooza, utadhani ni mimi niliyekuwa sijui.

"Shamba haliwi na zao moja kwa sababu tu safu ni moja," akasema. Kisha, nikiwa nimeshageuka kuondoka, akaongeza, "Na usiniandikie."

Kwa sababu alijua. Faili lilikuwa kwangu. Kati ya mistari yote, wake tu ndio uliobaki na nukuu zake na mkato wake katikati. Ningeweka kidole kwenye kibodi, ningefuta neno moja, na lori la miche lingepita mlangoni kwake. Hakuna ambaye angejua, na wala asingeathirika mtu. Nilikaa mbele ya mstari ule mpaka siku ya mwisho ya kufunga orodha. Nilikuwa nimekasirika naye, nimekasirika na wafadhili wenye nafasi moja, nimekasirika na Meneja ambaye alisema, "Tumefanya tulichoweza," akaenda kula. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajisemea. Lakini sikuufuta. Mpaka leo sijui kama ni heshima ilinizuia au ni ile sauti ya kutoka mbele ya darasa. Orodha ilifungwa, programu ikausoma mstari wake vizuri kabisa, ikaona hauna zao kuu, ikamweka pembeni.

Miche ilipanda mlima na mvua. Mama yangu alipata ya kwake, na aliipanda akiimba.

Nilimkwepa Mwalimu masika yote. Sikuwa na la kumwambia ambalo lingekuwa na adabu. Nilikwenda juzi tu, kiangazi kimeanza, baada ya mama kuniambia kwa namna ya watu wa kwetu, yaani bila kuniambia, kwamba "kwa Mwalimu sasa hivi kuna kuni nyingi".

Kulikuwa na kuni nyingi. Zilipangwa ukutani mwa jiko, fupi fupi, zenye mafundo, na nilizijua kabla sijafika karibu, maana nimekua nikiziparamia. Ilikuwa mibuni. Chini ya migomba palikuwa peupe, udongo umesawazishwa, mashimo yamefukiwa. Shamba lilionekana kubwa na la mtu mwingine.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umepotea."

Alinimiminia chai ya tangawizi. Moto uliokuwa ukiichemsha ulikuwa wa kuni zile, na moshi wake una harufu yake. Tulikunywa. Nilitaka kusema kwamba nilimwambia. Nilitaka kulia pia, na nilikasirika kwamba nataka kulia.

"Ule mstari wangu bado unao?" akauliza.

"Ninao." Nilikuwa nao kwenye simu. Sijui kwa nini sikuwahi kuuondoa.

"Utengeneze. Sasa naweza kukujibu kwa neno moja. Andika ndizi."

Niliandika. Nilifuta kahawa, nikafuta mkato, nikafuta na nukuu kwa kuwa hazikuwa na kazi tena.

"Soma," akasema.

"Mwalimu, si lazima."

"Soma. Mimi ni vichwa. Namba?"

"Sifuri sita moja. Mkato."

"Kata?"

"Akheri. Mkato."

"Zao?"

"Ndizi. Mkato."

"Mibuni mingapi?"

"Sifuri," nikasema, huku naiandika juu ya idadi ya zamani.

Aliitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia zamani mstari ukisomwa bila kosa, akaongeza kuni jikoni. Ulikuwa mstari safi. Programu yoyote ingeusoma.